Miche Minne Chumbani kwa Mama Mkwe

Viza ya mama mkwe ilitoka mapema. Tulikuwa tumeambiwa tusubiri, tukajiandaa kusubiri, na mimi kwa akili zangu zote nikaotesha bangi katika chumba ambacho yeye angekuja kulala.

Niseme mapema ili tusisumbuane: ni halali. Hapa Toronto mtu mzima anaruhusiwa kuotesha miche minne nyumbani kwake, na yangu ilikuwa minne, si mitano. Mwenye nyumba hakuwa ameandika popote kwamba hataki, nami sikwenda kumchokoza kwa maswali. Mimi mwenyewe sivuti. Nilijaribu mara moja ujanani, Mwanza, nikalala chini ya meza ya shangazi mpaka kesho yake, na tangu hapo mimi na mmea huo tumekuwa tukiheshimiana.

Miche ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa anatibiwa saratani, na dawa waliyokuwa wanamtilia kwenye mshipa ilimwondolea hamu ya kula kabisa. Chakula chote, alisema, kina ladha ya msumari. Huyu ni mtu aliyekuwa anamaliza ugali na sato huku anaongea na simu, leo anakitazama kijiko cha uji kama kimemtukania wazazi. Kila tulipokwenda hospitali walimpima uzito kwanza. Daktari alituambia bila kuzunguka: uzito ukiendelea kushuka, itabidi dawa isimame, kwa sababu mwili hautaiweza. Mambo yetu yote ya mwaka ule yalikuwa hapo. Ale, au dawa isimame.

Mafuta ya bangi ya dukani yalimsaidia. Matone machache chini ya ulimi, anakaa kidogo, halafu anauliza kama kuna viazi. Daktari hakushtuka, aliandika tu kwenye kompyuta yake. Shida ilikuwa bei. Mke wangu hakuwa kazini tena, na mimi napakia mizigo uwanja wa ndege, ambako saa zangu zilikuwa zimepunguzwa. Chupa ikiisha kabla ya mshahara, ugomvi wa kijiko unaanza upya. Nikasema potelea mbali, mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba, nitashindwa na majani?

Basi nikatengeneza shamba. Chumba kidogo kilikuwa na kabati la ukutani, refu, la kuingia mtu. Nikalibandika foili ndani, ile ya jikoni, upande unaong'aa ukitazama nje. Taa nilinunua kwa kijana mmoja wa St. James Town aliyekuwa anahama. Ndoo nilipewa na duka la keki, bado zinanukia vanila, nikazitoboa chini. Feni ilikuwa ya mezani, shingo imevunjika, nikaifunga kwa waya. Mke wangu alisimama mlangoni na kilemba chake akasema, "Wee mwanaume, hili ni shamba au jela?" Nikamwambia vyote viwili. Miche ikakua, nikaifunga kamba ukutani isilale, na kufikia katikati ya kiangazi ilikuwa imeanza kutoa maua.

Ndipo viza ikatoka.

Hapa watu wa mjini watanicheka, acha wacheke. Sisi ni Wasukuma, tena wa kule ndani. Kwetu mwanaume na mama mzazi wa mkewe hawazoeani. Anamwamkia kwa mbali, hamkazii macho, hali naye meza moja, na chumba anacholala mama mkwe hakiingii. Kikiwaka moto anaita mtu mwingine. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na heshima yetu inahitaji nafasi. Kijijini nafasi ipo, kuna ua, kuna nyumba ya pili, kuna watoto wa kutuma. Hapa Weston, mtaani kwetu Toronto, tulikuwa na vyumba viwili, sebule, na jiko ambalo wawili wakisimama mmoja lazima atoke. Watoto wa kutuma hatukuwa nao. Wa kwetu wako Alberta, Kiswahili wanakisikia lakini wanakijibu kwa Kiingereza.

Tulipanga na kupangua. Mama alale chumbani kwetu? Kwenye kitanda ninacholala mimi na binti yake? "Astaghfiru!" alisema mke wangu mwenyewe, naye ni Mkristo, akacheka mpaka akashika mbavu. Alale sebuleni? Mimi natoka alfajiri kwenda kazini, nitapita hapo kila siku nimkute amelala. Haiwezekani. Kuhamisha miche? Ilikuwa imefungwa ukutani, mizito kwa udongo, na usiku inataka giza tupu, bila hata mwanga wa chini ya mlango, la sivyo maua yanaharibika. Kabati jingine lenye umeme halikuwepo. Kikabaki chumba kidogo. Mama alale na miche. Taa niliitega iwake mchana wakati yeye yuko sebuleni au matembezini, na izime usiku. Akilala yeye, miche nayo inalala.

Mke wangu alimwambia mama yake kwamba kabatini kuna dawa ya hospitali, asifungue usiku. Mama akajibu, "Haya." Hakuuliza neno jingine, nami nikamshukuru Mungu kwa kunipa mkwe asiye na udadisi.

Tangu siku mama alipofika mimi, mkulima, sikuliona tena shamba langu. Mlango wa kile chumba nikawa naupita kama naupita mlango wa kituo cha polisi. Mtaniuliza kwa nini sikuingia akiwa ametoka. Kitanda chake kiko mle, khanga zake zimetundikwa mle. Kuingia hayupo ni kubaya zaidi, hapo unakuwa mwizi. Kwa hiyo mke wangu ndiye aliyekuwa macho yangu. Asubuhi anajikongoja hadi kabatini, anapiga picha kwa simu, anarudi kitandani, ananitumia. Mimi nipo uwanja wa ndege nimeegemea toroli, nakuza picha kwa vidole viwili. Kumwagilia alimwagilia mama, kwa kipimo nilichotuma kwa mdomo wa binti yake: kopo moja kubwa kila ndoo, udongo ukishakauka juu.

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Maua yakanenepa. Halafu majani ya chini yakaanza kuwa ya njano.

Hilo halikunitisha. Mmea wa namna hii ukikaribia mwisho huyaacha majani yake ya chini. Unanyonya kilichomo na kukipeleka kwenye maua, jani linageuka njano lote, sawasawa, kisha linadondoka. Mahindi yanafanya hivyo hivyo. Nikamjibu mke wangu, "Acha hivyo, ndio yanakomaa." Akasoma, akaweka simu chini, akalala. Mama hakuambiwa. Nani amwambie? Mama mkwe hapelekewi habari za shughuli za mkwewe kila saa, na sisi wawili tuliona jambo lenyewe dogo.

Baada ya siku kadhaa ikaja picha nyingine. Safari hii yalikuwa majani ya juu, yale machanga yanayozunguka ua, na yalikuwa ya njano katikati huku mishipa imebaki kijani. Kila mshipa unaonekana, kama umechorwa kwa kalamu. Jani la chini likipauka unaweza kusema ni uzee. Jani changa halizeeki. Nilisimama pale kwenye mikanda ya mizigo, masanduku ya watu yananipita, msimamizi anapiga kelele, na mimi nimelikodolea jani macho.

Kwenye mtandao kuna mabingwa. Unawatumia picha, wanakujibu haraka kuliko daktari, na kila mmoja ana uhakika. Wa kwanza alisema magnesiamu. Wa pili magnesiamu. Wa tatu alisema taa iko karibu mno, wa nne akamtukana wa tatu. Nadhani hata ungewapelekea picha ya kiatu wangesema kina upungufu wa magnesiamu. Nilianza na taa kwa sababu kuipandisha ni bure. Nikamwambia mke wangu, mke wangu akamwambia mama, mama akapanda kiti akaipandisha pingili mbili za mnyororo. Nilikuwa nimekaa sebuleni, ukuta mmoja kati yetu, namsikia anavyohema juu ya kiti. Sikuweza hata kusema "pole mama, angalia usianguke."

Haikusaidia. Tena nilipoangalia vizuri, hata mche wa pembeni kabisa, ambao taa inaufikia kwa shida, ulikuwa na njano ile ile. Kwa hiyo si taa. Nikashuku maji. Maji ya bomba ya hapa yana chokaa kidogo, ukichemsha birika unaona utando mweupe. Nikaagiza yawekwe kwenye ndoo yalale kwanza. Nikaagiza mbolea isimame. Picha zikaendelea kuja mbaya. Sasa na madoa ya kutu yakaingia pembeni mwa majani, na maua yenyewe yakawa kama yamegoma kunenepa.

Na nyumbani nako mambo yalikuwa yanakwenda mrama. Chupa ya mwisho ya dukani ilikwisha. Mama alipika kila alichojua, mlenda, dagaa wa kukaanga, viazi vitamu vya maziwa, akavipeleka chumbani na kuvirudisha vilevile. Mimi nikila jikoni peke yangu nilikuwa nakutana na hizo sahani zimefunikwa, hazijaguswa. Jumanne tukaenda hospitali. Mke wangu akapanda mizani, muuguzi akaangalia, akamshusha, akampandisha tena. Daktari akaja mwenyewe. "Wiki hii dawa tunairuka," akasema. "Tuone wiki tatu zijazo. Ukishuka tena tutazungumza mengine." Tulipanda basi kurudi nyumbani. Niliogopa. Sina njia nyingine ya kulisema: niliogopa.

Kesho yake ikaja picha iliyonipa jibu. Mke wangu aliipiga huku mkono mmoja umeshikilia mlango wa kabati, simu ikashuka, ikachukua udongo badala ya majani. Juu ya udongo, kuzunguka kila shina, palikuwa na duara la kijivu. Nikadhani ukungu. Mungu wangu, ukungu ndani ya nyumba yenye mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka! Nikapiga simu hapo hapo. Nikasikia mke wangu anauliza upande wa pili, "Mama, hii ya kijivu ni nini?" Na sauti ya mama, bila wasiwasi wowote: "Majivu, mwanangu. Kwani ni nini?"

Majivu! Kila asubuhi mama alikuwa anatembea hadi kule chini mtoni, Humber, kwenye bustani ambako watu huchoma nyama mwishoni mwa wiki. Kuna mapipa ya saruji ya kumwagia makaa. Mama aliona majivu mazuri, laini, yanatupwa bure, na kabatini ameacha mimea inaanza kuwa njano chini na vijidudu vidogo vinaruka juu ya udongo. Yeye kule kwao kunde, vitunguu, mchicha, vyote anavinyunyizia majivu. Akabeba kwenye kopo la maziwa ya unga. Alipoona haiponi, akaongeza. Kadiri miche ilivyozidi kuumwa ndivyo alivyozidi kuitibu.

Udongo wa kwao una uchachu, majivu yanaupoza, mmea unafurahi. Ndoo yangu haikuwa hivyo. Maji yenye chokaa, udongo kidogo, majivu juu yake: uchachu wote ulikwisha, na udongo usipokuwa na uchachu kidogo mizizi haiwezi kuchukua madini ya chuma hata yakiwepo tele. Ndiyo maana jani changa linapauka na mishipa inabaki kijani. Chakula kiko mezani, mdomo umefungwa. Mabingwa wote wa mtandao hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nina mama mkwe.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamkuta mke wangu amejiegemeza kwenye mito na nikasema, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya chini, "Mwambie asiiguse tena miche yangu! Asiiguse! Kama hajui aulize!" Mke wangu akanikata jicho. Akainua shingo, akaita kuelekea ukutani, "Mama! Baba hapa anakushukuru sana kwa kazi, ila anaomba majivu tuyapumzishe kwanza." Halafu mama, kutoka chumba cha pili ambacho ukuta wake ni karatasi tupu, akajibu, "Mwambie nimesikia. Mara zote mbili." Mke wangu alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kutapika, na baada ya hapo hakuinuka tena siku mbili nzima.

Sasa tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, bila mkalimani.

Dawa ya tatizo ilikuwa inajulikana. Udongo uoshwe. Maji mengi yaliyotiwa uchachu kidogo yapitishwe kwenye kila ndoo mpaka yatoke safi chini, halafu yaachwe yachuruzike. Nilinunua matone ya kupimia uchachu wa maji ya samaki wa kufuga nyumbani, ya bei ndogo kabisa: yakigeuka buluu maji hayafai, yakielekea njano yanafaa. Uchachu nilitumia maji ya ndimu, kwa sababu ya haraka. Lakini nani ataziosha? Kila ndoo ina udongo uliolowa, imefungwa ukutani, inatakiwa ibebwe hadi bafuni. Mama ana umri wake na mgongo wake. Na mimi siingii.

Asubuhi ile sikuwa na zamu. Nilisimama jikoni. Mama alikuwa koridoni, amejitanda khanga, uso kaugeuzia ukuta kama kawaida. Nikaliangalia friji nikaliambia, "Friji, wewe, laiti mtu angeweza kuzileta hizo ndoo hapa mlangoni tu."

Mama akaiambia birika iliyokuwa juu ya meza ya koridoni, "Birika, ndoo hizo nilizijaribu jana. Haziinuki."

"Friji, basi zisiinuliwe na mtu yeyote, mtu atavunjika mgongo."

"Birika, mwanangu hajala tangu juzi."

Friji likanguruma. Nikaanza kuzipanga upya sumaku alizobandika binti yetu juu yake, zile za matunda.

Mama akaondoka koridoni. Nikasikia zipu ya sanduku. Nikasikia vyuma vya kitanda. Baada ya muda sanduku likatoka chumbani linasukumwa kwa mguu, likafuatiwa na begi, na mfuko wa viatu, na Biblia, na khanga zote zimekunjwa, na mashuka yamefungwa fundo. Mwisho godoro, linaburuzwa. Alilikokota hadi chumbani kwa mke wangu, akalitandika chini, pembeni ya kitanda. Nililiona hilo kupitia mlangoni bila kutaka. Kisha akarudi koridoni, akageukia ukuta wake, na safari hii hakuongea na birika.

"Baba," akasema. "Kile chumba si changu tena. Hakuna chochote changu mle. Mimi nalala na mwanangu, wewe utalala sebuleni. Ingia."

"Mama..."

"Ingia, baba. Hata ile harufu si ya dawa ya hospitali. Bangi naijua tangu sijavunja ungo. Mlinichukulia mimi mtoto?"

Nikaingia. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kitanda kimebaki chuma kitupu, na dirisha limefunguliwa ili hata hewa aliyokuwa akiivuta itoke. Nikafungua kabati na kuiona miche yangu kwa macho yangu. Ilikuwa mibaya kuliko picha. Nikakata kamba, nikabeba ndoo moja moja hadi bafuni, nikakwangua majivu kwa kijiko cha supu, nikamwaga maji ya ndimu mpaka mikono ikachubuka. Maji ya kwanza yalitoka chini ya ndoo nikayapima: buluu iliyoiva. Nikaendelea. Adhuhuri matone yakaanza kufifia, yakawa kijani, halafu njano. Mama muda wote alikuwa nyuma ya mlango wa bafuni, hanioni, anasukuma ndoo za maji safi kwa mguu na kuchukua tupu.

Jani lililokwisha haribika halirudi. Hilo nililijua na sikulingoja. Niliangalia vichipukizi vya juu kabisa, na siku chache baadaye vilikuwa vinatoka kijani. Miche miwili ambayo maua yake yalikuwa yamesogea mbele nikaikata bila kusubiri. Maua madogo, ya aibu, mkulima wa kweli asingeyapiga picha. Nikayaning'iniza kwenye boksi na feni, zikapita kama siku kumi yakakauka. Nilimtafutia mama namba za moto wa ovena kwenye simu, nikazisoma mbele ya friji, na yeye akayapasha ovenini kwa moto mdogo ili nguvu yake iamke, nyumba nzima ikanuka mpaka nikaziba chini ya mlango wa nje kwa taulo. Halafu akachukua siagi ya dukani, akaichemsha na kuiengua mpaka ikawa samli, akatia maua, akaiacha ikae motoni polepole, akaichuja kwa kitambaa. Rangi yake ilikuwa ya kijani cha bwawa. Ya ng'ombe wetu ni nzuri zaidi, aliiambia birika.

Jioni hiyo jua lilikuwa bado lipo. Mama alimpa mke wangu kijiko kidogo cha hiyo samli ndani ya uji, kijiko cha mtoto, tukaanza kungoja. Yeye kitandani, mama jikoni, mimi sebuleni kwenye kochi ambalo sasa ndilo lilikuwa kitanda changu. Muda ukapita mrefu kuliko kwa yale matone ya dukani. Nikaanza kufikiri kwamba tumechemsha majani ya bure.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Mke wangu akatoka mwenyewe, kwa miguu yake, ameshika ukuta, khanga imemzunguka mara mbili kiunoni kwa jinsi alivyopungua. Akaja mpaka kwenye meza ya kulia, akavuta kiti, akakaa.

"Kuna nini cha kula?"

Mama alitoka na ugali na dagaa wa nazi upesi hata mvuke ulikuwa bado unapanda. Akaweka mezani, akarudi nyuma kuelekea jikoni. Mimi nikainuka kwenda koridoni, kama ilivyo desturi. Mke wangu akaangalia sahani, akaturushia macho, mmoja baada ya mwingine.

"Mnakwenda wapi?"

Tukasimama.

"Miezi mingapi nakula peke yangu watu wawili wakinichungulia mlangoni kama maiti? Sili. Kaeni."

"Mwanangu," mama akasema, "huyu ni mkwe wangu."

"Najua ni mkwe wako, mimi ndiye niliyemleta. Kaeni hapa mezani, wote wawili, au hii sahani inarudi jikoni. Mtajua wenyewe na daktari wenu."

Nililitazama friji, halikuwa na msaada. Mama alikuwa ameshika ncha ya khanga mdomoni. Kwake yeye hili halikuwa jambo la kucheka hata kidogo. Alikuwa amezaliwa ndani ya desturi hii, amemwona mama yake akiishi nayo na kufa nayo, na kule kwao kuna watu wangemsema mpaka kaburini. Akatazama mikono ya binti yake juu ya meza. Ilikuwa imebaki mifupa na pete.

Akavuta kiti, akakaa. Akakigeuza kidogo, uso ukaelekea dirishani, kwenye reli za treni. Mimi nikavuta cha upande mwingine, nikakigeuza kuelekea ukuta. Tukanawa kwa bakuli moja, yeye kwanza, bila mikono yetu kukutana. Nikamega tonge. Nilikuwa sijawahi kusikia mama mkwe wangu akitafuna, na naapa nilitamani ardhi inimeze, na yeye bila shaka alitamani hivyo hivyo.

Kati yetu mke wangu alikuwa anakula. Nilimsikia kabla sijathubutu kugeuza jicho. Alimega, akachovya, akala, akamega tena. Alinyonya kichwa cha dagaa. Hakusema kitu juu ya misumari. Mama naye alikuwa anasikiliza, maana mkono wake ulikuwa umesimama hewani na tonge.

Sahani ikaisha. Akaisukuma mbele.

"Ongezeni."

Hakuna aliyeinuka. Mama, macho yakiwa bado nje kwenye reli, alichukua tonge lake mwenyewe na dagaa wake, akaviweka kwenye sahani ya binti yake. Nami nikaweka vyangu.